Gari la Tatu Getini

Bango la kambi yetu niliandika mwenyewe, kwa rangi nyeupe juu ya bati jeusi, na mwandiko wangu ulisifiwa hata na watu niliokuwa nawarudisha walikotoka. Lilisema: KILA KIWANJA, MAGARI MAWILI TU. Neno "tu" nililipigia mistari miwili chini, kwa sababu nawajua watu wetu. Ukimwambia mtu wa Mwanza magari mawili, anasikia mawili na lile la shemeji.

Kambi ni ya kikundi chetu, wastaafu saba ambao baada ya kuagana na ofisi tuliona afadhali tutafute pa kwenda kuliko kushinda nyumbani tukisimamiwa na wake zetu. Mmoja wetu alikuwa na eneo la urithi ufukweni, ukishuka kutoka Kisesa kwa njia ya vumbi. Lilijaa mawe makubwa yale ya kwetu, yanayopandana kama magunia ya pamba ghalani. Halilimiki, na hata mbuzi hawalipendi. Lakini vijana wa mjini siku hizi wanapenda kulala chini ndani ya mahema, jambo ambalo sisi tulisomeshwa ili tuliepuke. Basi tukasafisha nafasi kati ya mawe, vikapatikana viwanja sita, tukachimba vyoo, tukafunga mnyororo njiani na kuuita geti. Mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, nilifanywa katibu. Na kwa kuwa katibu hakuwa na kazi, nikafanywa pia mlinda geti wa Jumamosi na Jumapili.

Kanuni ya magari mawili haikutoka hewani. Pasaka yetu ya kwanza hatukuwa na kanuni yoyote, na magari kumi na moja yaliingia viwanja viwili yakabanana kama dagaa kwenye kopo. Mchana mtu mmoja akakwamwa na mwiba wa sato kooni. Macho yakamtoka, mikono ikapunga, na gari lake lilikuwa la ndani kabisa. Mwenye gari la mwisho, ambalo ndilo lilipaswa kutoka kwanza, alikuwa ameingia ziwani na mtumbwi, funguo ziko mfukoni. Tukampakia mgonjwa kwenye toroli la kubebea mchanga tukaanza kumsukuma kupanda kilima, wazee wanne tukihema kuliko yeye. Njia ile ina mashimo. Kabla hatujafika barabarani mwiba ulishashuka wenyewe kwa mtikisiko. Akakaa wima ndani ya toroli, akatushukuru, akauliza kama samaki wake bado yupo.

Tulicheka sana, lakini kwenye kikao cha jioni tukaulizana: kama isingekuwa mwiba, ikawa moyo? Ndipo tukapitisha kanuni. Kila kiwanja magari mawili, yakiwa yameelekea njiani. Nasema hivi ili msomaji asinione kichaa. Kanuni ilikuwa nzuri. Kichaa kilikuja baadaye, na kilikuwa changu peke yangu.

Maana gari ni nini? Kabla ya kulinda geti sikuwahi kujiuliza swali hilo. Pikipiki si gari, hilo tulikubaliana haraka. Bajaji ilitutesa vikao viwili, tukaamua ni nusu gari, na siku mtu alipokuja na gari moja na bajaji tatu ilibidi nichukue karatasi. Kwaya moja ilikuja imejaa kwenye trela la trekta, wanaimba, wamevaa sare. Nikaamua trekta moja, trela moja, nafasi imejaa, na gari dogo la mwalimu wao wa kwaya libaki nje.

"Mzee, trela halina injini," akasema mwalimu wa kwaya.

"Lina magurudumu."

"Hata toroli lenu lina magurudumu!"

"Toroli ni gari la wagonjwa la kambi," nikamjibu, na sikutabasamu hata kidogo.

Mwingine alikuja na magari mawili mazima na la tatu bovu, limefungwa kamba nyuma. Akasema lile la tatu si gari kwa sababu haliendi, ni mzigo. Tulibishana karibu saa nzima. Mwisho nikamwambia kama ni mzigo aubebe kichwani aingie nao.

Nilifurahia, nakiri. Miaka thelathini nilikuwa karani wa stoo. Kila mtu alikuwa na saini ya kuniamrisha nitoe kitu, na mimi nilitoa. Sasa nainua kiganja tu na gari la kiyoyozi linasimama, kioo kinashuka, mtu mwenye suti ananiambia, "Shikamoo mzee." Marahaba ile ilikuwa tamu. Wenzangu walinitania kwamba nikifa nitamsimamisha malaika nimuulize amekuja na mabawa mangapi.

Sasa nieleze habari ya mke wangu na mkwe wetu.

Mke wangu ni wa kando ya ziwa upande wa Mara. Kwa watu wa kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, hawapandi gari moja, na mama haingii nyumba ya mkwe sembuse kulala, mpaka aibu iondolewe. Aibu ina siku yake. Mkwe analeta blanketi na mbuzi, wazee wa upande wa mama wanakaa katikati, maneno yanasemwa, blanketi linatua mabegani mwa mama, ndipo anageuka na kumtazama mkwe wake. Kuanzia hapo ni mama na mwanawe. Wengi wameacha mambo hayo, utawaona kanisani benchi moja na wakwe wakipeana kitabu cha nyimbo. Mke wangu naye ni mtu wa kanisa, tena wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Lakini alilelewa na bibi yake, na alichofundishwa na bibi hakikuwahi kumtoka.

Kwa hiyo miaka mitatu hawa wawili waliishi kwa kupishana. Kwenye harusi, ukumbini kule Mirongo, mke wangu alikaa nyuma ya nguzo, na picha zote za siku ile zina ncha ya kilemba chake tu ikichungulia. Siku moja wakakutana sokoni bila kutarajia. Mama akachutama nyuma ya lundo la kabichi. Mkwe akageukia ukuta wa mabeseni ya plastiki na kwa hofu akanunua matatu. Mabeseni yenyewe binti yetu anayatumia mpaka leo.

Lakini kwenye simu! Kwenye simu walikuwa marafiki wakubwa. "Simu haina uso," mke wangu alisema nilipomuuliza, na bibi yake hakuacha agizo lolote kuhusu simu. Walizungumza mafua, mvua, bei ya mahindi, mpira, wakacheka mpaka nikaona wivu. Mimi mwenyewe mkwe yule alinipigia kunisalimia tu, na tukimaliza salamu kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake.

Kwa nini aibu haikuondolewa mapema? Kwa sababu yangu. Mara mbili siku ilipangwa na mara mbili niliahirisha. Ya kwanza nilisema tungoje nimalize kuezeka jiko. Ya pili nilisema kambi ina wageni. Niliona ni mambo ya wanawake yanayoweza kungoja, na katikati ya kungoja huko binti yetu akapoteza mimba yake ya kwanza. Wanaishi upande wa Geita, ukivuka Kigongo na Busisi unaendelea mbele. Mama yake hakuweza kwenda kumuuguza. Aliuguza kwa simu, amekaa ukingoni mwa kitanda chetu, akimwelekeza mwanawe namna ya kulala na cha kunywa, na mkwe ndiye aliyekuwa akishika simu upande wa pili. Nilimwona akifunga ile simu akaiweka kifuani. Afadhali angenitukana.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba, mke wangu alinikuta nanyoa ndevu, akasimama nyuma yangu kwenye kioo.

"Safari hii simuuguzi mwanangu kwa simu," akasema. "Mwezi huu aibu itoke, niende kwake nikae mpaka ajifungue. Na wewe usiniletee habari za bati."

Nikaona hapa pa kujirekebisha. Nikajitolea mahali: kambini kwetu, kiwanja namba nne. Kiwanja hicho kina jiwe moja kubwa katikati, refu kupita mtu. Mama angekaa upande huu na mkwe upande ule, wazee kwenye kivuli katikati, na ziwa mbele yao wote. Mke wangu alipenda. Akaniuliza mara mbili kama kweli jiwe ni refu. Wiki nzima nilifagia kiwanja kile. Nilipaka chokaa vijiwe vya pembeni. Nilikata nyasi kwa panga mpaka kiuno kikagoma. Mambo ya nani anapanda gari gani nilimwachia yeye, na sikuuliza. Mtu aliyekuwa akihesabu magari ya watu wote Mwanza hakuuliza familia yake inakuja na magari mangapi.

Jumamosi yenyewe, asubuhi, alikuja mwalimu mmoja wa kike na wenzake wa shule yao, magari matatu, kiwanja kimoja. Nikainua kiganja. Mwalimu yule alikuwa na sauti ya kuita mstarini wanafunzi mia nane. Alinieleza kwamba gari la tatu lina mahema na sufuria tu. Nikamwonyesha bango. Akasoma kwa sauti, na kwenye "tu" akasoma mara mbili kwa ajili ya ile mistari.

"Sawa baba," akasema. "Kanuni ni kanuni. Nitakaa hapahapa nione kama kila anayekuja anaisoma hivyohivyo."

Gari la tatu likabaki barabarani. Wenzake wakashuka na sufuria kichwani, yeye akakaa juu ya jiwe hatua kumi kutoka kwenye mnyororo, akatoa hindi la kuchoma ndani ya mkoba, akaanza kula punje moja moja.

Ilipokaribia saa sita nikaona vumbi kilimani. Mbele gari dogo la mwanangu wa kiume, yeye na mkewe na watoto, magodoro juu, masufuria yamejaa hadi dirishani. La pili pikapu ya mkwe, yeye kwenye usukani na binti yetu pembeni yake, mbuzi amefungwa nyuma, blanketi kwenye mfuko mpya. Na la tatu, nyuma kabisa, umbali wa heshima, gari la kukodi. Ndani yake mke wangu, mdogo wake wa kike, na kaka zao wawili wazee waliotoka Mara tangu alfajiri, kila mmoja na fimbo yake.

Nikahesabu. Mkono wangu ukainuka wenyewe, kama mkono wa askari.

Mwalimu akaacha kutafuna.

Mwanangu akashusha kioo. "Shikamoo baba. Fungua basi, watoto wamechoka."

"Marahaba. Kiwanja namba nne ni magari mawili."

Akacheka. Alidhani ni utani, maana kwetu tunataniana sana. Kisha akatazama uso wangu. "Baba. Ni sisi."

"Najua ni ninyi. Kanuni haina sisi."

Sentensi hiyo nilijivunia kwa muda wa dakika moja hivi. Nilimtazama mwalimu kwa pembe ya jicho kuona kama ameisikia. Alikuwa ameisikia. Kiwanja namba tatu kilikuwa wazi siku ile. Ningeweza kusema gari la kukodi liingie pale, hatua ishirini tu kutoka namba nne, na mwalimu asingekuwa na la kusema. Wazo hilo halikunijia kabisa. Nilichofikiria ni kwamba mtu fulani anayekula hindi anasubiri kuniona mnafiki.

Shemeji yangu, yule mdogo wa mke wangu, akashuka kwenye gari la kukodi akaja kwa miguu, mikono kiunoni. Shemeji huyu ananitania tangu siku ya posa.

"Shemeji, huo mnyororo umeuoa lini? Mbona hatukuletewa barua?"

"Shemeji, gari lenu libaki barabarani, mje kwa miguu. Si mbali."

"Kaka zangu wana magoti mawili mazima kwa watu wawili. Unataka wabebwe na nani, na wewe?"

Njia ya kutoka getini hadi ufukweni inateremka vibaya, hilo ni kweli. Nikaona nimebanwa. Na hapo ndipo nilipotoa ufumbuzi wangu, kwa sauti ya mtu mwenye akili, ili watu wote wasikie:

"Pikapu ina nafasi. Wazee wapande nyuma na mbuzi. Mama akae mbele na mkwe. Ni dakika mbili tu."

Ndani ya pikapu mkwe wangu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani. Binti yangu alinitazama kupitia kioo cha mbele, mkono juu ya tumbo, kama anayemtazama mtu asiyemfahamu. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe, mbele ya kaka zake, apande ubavuni kwa mkwe kabla ya blanketi, kabla ya neno lolote. Na nilikuwa nimemwambia mkwe mbele ya wazee kwamba aibu yake ni kitu cha kurukwa kwa dakika mbili.

"Mungu wangu," akasema shemeji, na safari hii hakutania.

Simu ikalia ndani ya pikapu. Mkwe akapokea bila kuinua kichwa. Nikageuka nikamwona mke wangu kwenye gari la nyuma, amefunika uso kwa kanga, simu sikioni. Magari yalikuwa yameachana hatua chache tu, na vioo vilikuwa wazi, kwa hiyo sote tulimsikia mara mbili, kwa mdomo wake na kwa simu ya mkwe.

"Baba," akamwambia mkwe wake, taratibu, "usishuke, na usikasirike. Huyu mzee wangu ana ugonjwa wa geti. Geuza gari, mwanangu. Wageni wa watu tusiwazibie njia."

"Ndiyo mama," akasema mkwe, uso bado kwenye usukani.

"Na mbuzi mmempa maji?"

"Tumempa, mama."

"Haya. Mimi natangulia."

Gari la kukodi likageuka. Pikapu ikageuka. Mwanangu akanitazama kidogo, akatingisha kichwa, akageuza naye, na godoro moja likakwangua bango langu likaliacha limepinda. Vumbi likapanda kilima likapotea. Nilibaki nimeshika mnyororo ambao hakuna mtu aliyetaka kuuvuka.

Mwalimu akafuta mikono. "Mzee," akasema, "mimi nilifikiri utawaruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kukusema."

"Sikuwaruhusu."

"Nimeona. Wale ni nani wako?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na miezi saba, na ile mimba ya kwanza. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika kama wa mwalimu anayegundua kwamba mtoto aliyemchapa alikuwa mgonjwa, ila mtoto mwenyewe alikuwa mimi na fimbo pia nilishika mimi.

"Na unangoja nini hapa?" akauliza.

"Geti."

"Geti nitashika mimi! Nimeshika geti la shule miaka kumi na mbili. Nenda!"

"Mwalimu, ingiza gari lako basi."

"Litaingia, baba, hilo usiwaze. Nenda!"

Nilipanda hadi barabarani nikihema, nikapata bodaboda, na njia nzima hadi Kisesa nilipanga maneno. Nilipanga kuwaomba radhi wazee kwanza, kisha mkwe kupitia kwa wazee, kisha mke wangu faragha. Nilikuwa na maneno mazuri. Nilikuwa hata na mahali pa kunyamaza kidogo.

Pale Kisesa nikayaona magari yote matatu kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, ambako mwenye mashine amemwaga kokoto na hapakuwa na bango la aina yoyote. Gari la kukodi lilikuwa limeegeshwa ubavu katikati, milango imefungwa. Watu wa mashine na wanawake waliokuja kusaga walikuwa wamesimama pembeni, wengine weupe kwa unga, wanapiga vigelegele. Nikamlipa kijana wa pikipiki nikasogea.

Ilikuwa imekwisha. Waliona hakuna haja ya kungoja siku nyingine. Wazee walikuwepo, mbuzi alikuwepo, blanketi lilikuwepo, na badala ya jiwe langu walitumia gari la kukodi. Mama alikaa upande wa mashine juu ya kiti cha kuazima, mkwe akapiga magoti upande wa barabara, shemeji akapeleka maneno kwa kuzunguka boneti. Baba mkwe hana kazi kubwa katika jambo lile. Anakaa tu, anaona. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu yote, na ndiyo niliyoikosa.

Nilipofika mke wangu alikuwa na blanketi la maua mekundu mabegani, kwenye jua la saa nane, jasho linamtoka, na hakutaka kulivua. Mkwe alikuwa amesimama mbele yake, mtu mzima, mrefu, anatazama viatu vyake na kucheka. Mke wangu alikuwa anamwambia, "Kumbe una kovu hapa kwenye nyusi. Hukuniambia."

"Nilianguka kwenye baiskeli, mama. Nikiwa darasa la tatu."

"Tumeongea miaka mitatu hukuniambia una kovu!"

Maneno yangu niliyoyapanga yalinipotea yote. Nilimwendea kaka yake mkubwa, nikavua kofia, nikasema, "Shemeji, nimekosa." Akanitazama, akaniambia nisogee nisimzibie upepo. Kisha akaniwekea mkono begani, ukakaa hapo muda mrefu, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Mkwe naye nilimwomba radhi. Alisema, "Hapana baba, hapana baba," mara nyingi sana, akaona haya kuliko mimi. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akiwa amekunja blanketi kifuani.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Nyumbani kuna maharage. Mimi sirudi. Naenda nao leo hii."

Na akaenda. Akapanda pikapu ya mkwe, mbele, katikati ya binti yetu na mkwe wake, wamebanana bega kwa bega, wamekwenda kuvuka Kigongo. Alinipungia mkono akiwa amenigeuzia kichwa nusu tu, kwa sababu alikuwa katikati ya kumweleza mkwe jambo fulani. Alikaa huko miezi minne. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye kelele. Mimi nilijifunza kupika maharage yasiyoungua, na nyumbani nilikuwa nafungua mlango nikijisalimia mwenyewe.

Kanuni bado ipo. Nililinyoosha bango, na kikao hakikuona sababu ya kuifuta, maana miiba ya sato haijaisha. Tuliongeza mstari mmoja chini: kabla ya kuhesabu magari, mlinzi aulize waliomo ni nani kwa nani. Wageni wa mjini wanapiga picha mstari huo wakicheka. Zamu ya geti niliiacha mwenyewe. Mwalimu, kwa taarifa yenu, siku ile aliingiza magari manane, yote yakaelekea njiani, na hakuna aliyebanana na mwenzake.

Ila kuna jambo moja sijalipata. Nataka kujua mke wangu alifanya nini pale alipogeuka na kumtazama mkwe kwa mara ya kwanza. Nimeuliza wote. Shemeji anasema alilia. Mwanangu anasema alicheka, tena kwa sauti. Dereva wa gari la kukodi, niliyemtafuta hadi kijiweni kwake, anasema alisimama kimya kama mtu anayesoma barua. Mzee mmoja anasema alimshika mkwe masikio mawili kama unavyomshika mtoto anayetoka kuoga. Mzee mwingine alikuwa anafukuza mbuzi, hakuona. Mkwe nikimuuliza anasema, "Mama alinitazama tu, baba," na kuanza kuniuliza habari za mvua.

Juzi, tumekaa nje tunachambua mchele, nikamuuliza mwenyewe. Si mara ya kwanza. Akaendelea kupepeta, pumba zikaniangukia magotini.

"Ungekuwepo ungeona," akasema.

Hakusema kwa ukali. Nikasogeza ungo wangu, nikaendelea kutoa mawe.